Je, Mark X yangu imeongeza farasi 39 kweli?

"Shikamoo mwalimu. Nina Toyota Mark X ya 2.5, ile ya umbo la kwanza, gia otomatiki, niko hapa Malindi upande wa Maweni. Juzi nililipeleka Nairobi likaongezwe nguvu. Kwanza tulilipima kwenye daino, ile mashine yenye rola ya kupimia nguvu za gari, ya gereji moja, likatoa nguvu za farasi 145 kwenye magurudumu. Nilisikitika, kwa sababu kitabu chake kinasema 215. Fundi akaniwekea fulta ya koni, akabadilisha salensa ya nyuma, akabadilisha na programu ya kompyuta ya injini. Siku nne baadaye tukalipima gereji nyingine kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na foleni. Likatoa 184. Farasi 39 zaidi! Na wakati wa kurudi, kuanzia Voi kuja chini gari lilikuwa linaruka. Lakini binamu yangu ana Mark X kama hii, haijaguswa hata skrubu, na tukienda pamoja Watamu simwachi. Sasa fundi anataka shilingi 120,000 anifungie heda, yale mabomba ya kutolea moshi kwenye injini, na kurudia programu, anasema nitapata 30 nyingine. Picha za karatasi zote mbili nimeziambatisha. Hizo 39 nimezipata au sikuzipata? Na nilipe?"

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuleta karatasi zenyewe, maana bila hizo ningebaki kubahatisha. Nikujibu moja kwa moja: hizo 39 hukuzipata. Kwa ninavyozisoma karatasi zako, nyongeza inayoonekana ni kama farasi 3, na hata hao watatu siwezi kukuhakikishia kwamba wapo. Shilingi 120,000 usizitoe kwa sasa. Simwiti fundi wako mwongo, kwani huenda naye alisoma namba kubwa iliyo katikati ya karatasi akafurahi kama ulivyofurahi wewe. Kosa liko kwenye namba ndogo zilizo pembeni, ambazo watu wengi hawaziangalii.

Chukua karatasi ya kwanza uitazame chini kushoto. Pameandikwa herufi CF, kisha 1.00. Sasa chukua ya pili. Pale juu, karibu na tarehe, pameandikwa SAE, kisha CF 1.24. Hiyo CF ni kizidisho. Mashine ya kwanza ilikupa nguvu kama ilivyoipima pale pale, haikuongeza wala kupunguza. Mashine ya pili ilipima, kisha ikazidisha ilichopima kwa 1.24 ndipo ikachapisha. Gawanya 184 kwa 1.24 utapata 148 na kidogo. Hicho ndicho magurudumu yako yalichotoa siku ile juu ya rola. Ukilinganisha 145 na 148, umebakiwa na farasi 3. Wale wengine 36 ni wa kuzidisha tu.

Kizidisho hicho si ujanja wa mtu. Kipo kwa sababu nzuri. Injini inakula hewa. Petroli kuiongeza ni rahisi, pampu inasukuma tu. Kigumu ni kupata oksijeni ya kuichoma. Injini isiyo na turbo, kama hiyo yako, inavuta hewa kwa kiasi kile ambacho anga inaisukumia. Hapa Malindi tuko usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 101. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na huko inashuka hadi kama 83. Silinda ni ile ile na pistoni ni ile ile, ila kila inapovuta inapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 18. Nguvu zinapungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kwa hiyo wahandisi walikubaliana kuwe na hali moja ya hewa ya kulinganishia, ili gari lililopimwa mlimani na lililopimwa pwani yaweze kuzungumziwa kwa lugha moja. Kwa kanuni ya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, ile inayoitwa J1349, hali hiyo ni nyuzi 25 za Selsiasi na kanieneo ya hewa kavu ya kilopaskali 99. Daino inapima joto, kanieneo na unyevu wa chumba, kisha inakadiria gari lingetoa ngapi kama lingekuwa kwenye hali hiyo. Kwa Nairobi, kizidisho cha 1.24 ni cha kawaida kabisa. Kuna na kanuni ya zamani ya Marekani, utaiona imeandikwa STD, inayochukulia siku ya baridi zaidi na hewa nzito zaidi. Hiyo inatoa namba kubwa kuliko SAE kwa kama asilimia 4, na ndiyo maana wauzaji wa vifaa wanaipenda.

Kilichokukosesha ni kuweka karatasi isiyozidishwa kando ya iliyozidishwa, ukatoa moja kwa nyingine.

Na hapo ndipo lilipo jibu la lile gari lililoruka kuanzia Voi. Nakuamini kabisa, mwanangu, liliruka. Ulikuwa unateremka kutoka juu ya mita 1,600 kurudi baharini, na kila kilomita ulizopita kuja Mtito Andei, kuja Voi, kuja Mariakani, injini ilikuwa ikirudishiwa hewa yake. Gari lililotoa 145 kwenye rola za Nairobi, ukilileta hapa pwani bila kulifanyia lolote, lingetoa kama 175 kwenye rola za aina ile ile, na hapo nimeshatoa hasara ya joto letu na unyevu wetu. Hao farasi 30 ulikuwa nao tangu ulipotoka nyumbani, ukawaacha njiani ukipanda, ukawaokota ukishuka. Kwa vile katikati ya kupanda na kushuka palikuwa na fundi, sifa zikamwendea yeye. Binamu yako hakupanda mlima, lakini gari lake linavuta hewa hii hii ya Malindi, ndiyo maana humwachi. Kwa mtu asiye na mashine, hicho ni kipimo kizuri kuliko karatasi zote mbili. Ila nakuomba, msikirudie kwenye barabara ya Gede na Watamu. Pale pana watoto wa shule, bodaboda na mikokoteni, na nguvu hazipimwi kwa kushindana barabarani.

Sasa ile 215 ya kwenye kitabu, iliyokusikitisha. Hilo nalo halikuwa na haja ya kukusikitisha. Toyota walitangaza kilowati 158 kwa injini ya 4GR-FSE kama hiyo yako. Japani wanatumia farasi wa mfumo wa metriki, ambaye ni wati 735.5, ndipo inakuja 215. Daino nyingi zinatumia farasi wa Kiingereza, ambaye ni mkubwa kidogo, wati 745.7, na kwa huyo kilowati 158 ni farasi 212. Halafu kiwanda kinapima injini kwenye mhimili wake, kabla nguvu hazijapita kwenye gia, propela, difu na tairi. Kila mojawapo ya hizo inageuza sehemu ya nguvu kuwa joto. Ukigusa difu baada ya safari ndefu utaijua ile hasara kwa kiganja chako. Na tatu, kiwanda kilipimia hewa ya usawa wa bahari. Chukua 212, ipunguzie hewa ya Nairobi kwa kugawanya na 1.24, unapata kama 171. Gari lako lilitoa 145 kwenye magurudumu, yaani kama asilimia 85 ya hizo. Kwa gari la gia otomatiki linalosukuma nyuma hiyo ni hali nzuri. Uliingia Nairobi na gari zima, hukuwa na ugonjwa wa kutibu.

Utasikia mafundi wakisema hasara ya njiani ni asilimia 15 daima, kisha wanaitumia kupandisha namba ya magurudumu hadi namba ya injini. Usiwafuate. Hasara inabadilika kwa mwendo, kwa joto la oili ya gia, kwa tairi na upepo wake. Nimeitumia hapo juu kukuonyesha tu kwamba namba zako hazishangazi. Kutoa hukumu kwa hesabu hiyo haifai.

Turudi kwa wale farasi 3 waliobaki. Nimesema siwezi kukuhakikishia kama wapo, na sababu ni kwamba ulipima kwenye mashine mbili. Daino za rola ni za namna mbili kubwa. Moja ina rola nzito isiyo na breki: gari linaisukuma, kompyuta inaangalia rola inaongeza mwendo kwa kasi gani, na kwa kuwa inajua uzito wake inakokotoa nguvu. Nyingine ina breki ya sumaku inayoishikilia rola, na nguvu inapimwa kwenye mkono wa chuma unaovutwa na breki hiyo. Kuna na zile zinazofungwa moja kwa moja kwenye habu baada ya kung'oa magurudumu. Gari moja, asubuhi moja, likipitishwa zote tatu, litatoka na namba tatu, na tofauti ya asilimia 5 au 10 haishangazi mtu wa kazi hii. Hakuna inayodanganya. Kila moja ina namna yake ya kusoma, na muhimu ni iwe inasoma vile vile leo na kesho.

Hata mashine moja inayumba. Zile kanda za kufungia gari, zikikazwa zaidi zinaibinya tairi juu ya rola na tairi inakula nguvu. Upepo wa tairi ukipungua, inakula zaidi. Gia nayo ina neno lake. Otomatiki ya gia sita hupimwa vizuri kwenye ile ambayo mhimili wa kuingia na wa kutoka inazunguka sawa, kwako ni ya nne, tena kigeuzi cha torki, kile kinachounganisha injini na gia kwa oili, kikiwa kimejifunga. Gia ikijishusha yenyewe katikati ya kipimo kwa sababu umekanyaga hadi mwisho, kipimo hicho ni cha kutupa. Halafu kuna joto: mvuto wa kwanza, yaani kipimo kimoja cha kukanyaga hadi mwisho, injini ikiwa ya vuguvugu, na wa nne ikiwa imechemka na feni ya gereji ni ndogo, inaweza kupishana farasi kadhaa bila mtu kugusa kitu. Ukijumlisha yote hayo, tofauti ya asilimia 2 kati ya karatasi mbili za gereji mbili haina inachothibitisha, si nyongeza wala hasara.

Kuna swali ungeweza kulijiuliza siku ile ile bila kujua lolote kuhusu kizidisho. Farasi 39 juu ya 145 ni asilimia 27. Injini ili itoe asilimia 27 zaidi kwa mzunguko ule ule inahitaji kuchoma karibu asilimia 27 zaidi ya hewa. Hewa hiyo ingetoka wapi? Boksi la fulta la kiwandani, likiwa na fulta safi, linapunguza kanieneo ya hewa kwa kilopaskali chache tu kati ya zile 101. Ukiliondoa lote na kuacha bomba wazi, huwezi kupata zaidi ya kile lilichokuwa likizuia. Nyongeza za kiasi cha robo zinakuja kwa turbo au kwa mashine nyingine ya kushindilia hewa, au kwa injini kubwa zaidi. Kwa fulta, salensa na programu kwenye injini ya kisasa isiyo na turbo, ukipata farasi 5 hadi 10 umepata vizuri.

Fulta ya koni nataka nikae nayo kidogo, maana kwa mazingira yetu naiona ni hasara. Fungua boneti. Boksi la kiwandani lina mdomo unaokwenda mbele, karibu na rejeta, unaovuta hewa ya nje. Koni yako imefungwa uchi ndani ya chumba cha injini. Pale kwenye daino boneti ilikuwa wazi na feni kubwa ikipuliza mbele, kwa hiyo koni ilivuta hewa ya chumba cha gereji, baridi ya Nairobi. Sasa uko Malindi mwezi wa pili saa nane mchana, boneti imefungwa, umekwama nyuma ya tuktuk kwenye barabara ya Lamu. Nje ni nyuzi 33. Ndani ya boneti hewa inaweza kufika 60. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 33 kwa kama asilimia 8. Gari likishika mwendo joto hilo linapungua, lakini haliondoki lote, na hewa ya moto ina ubaya wa pili ambao nitaufikia kwenye programu. Ile sauti ya mvumo unayoisikia ukikanyaga inakufanya udhani kuna nguvu. Ni sauti ya hewa ambayo boksi lilikuwa likiinyamazisha.

Na tuna unyevu. Siku ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, ambayo kwetu ni siku ya kawaida, karibu asilimia 3.5 ya hewa unayovuta ni mvuke wa maji, usiosaidia kuchoma chochote. Hilo huna la kulifanya. Joto la hewa inayoingia lakini unaweza kulifanyia kitu, nalo ni kurudisha boksi la kiwandani na kuweka fulta mpya. Vumbi letu la mchanga mwekundu, ukienda njia ya Marafa, ni sababu nyingine. Koni nyingi za bei rahisi zinapitisha vumbi ambalo fulta ya karatasi ingelizuia, na vumbi hilo linakwenda kukaa kwenye sensa ya hewa na kusugua silinda.

Salensa ya nyuma haina madhara makubwa, ni sauti zaidi kuliko nguvu. Ila chungulia chini ya gari, au mwombe fundi wa hapa alipandishe, uone kama katalisti zako, yale makopo ya kusafishia moshi, bado zipo. Zina platinamu, paladiamu na rodiamu ndani, na zina soko. Gari likiingia gereji kubadilishwa salensa na kutoka bila katalisti, kuna mtu ameuza mali yako. Kama zimeondolewa, uliza ziko wapi.

Programu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Injini hii imebana hewa kwa uwiano wa 12 kwa 1, uwiano mkubwa, na Toyota waliiandikia petroli ya daraja la juu ya Japani. Petroli ya oktani ndogo, yaani isiyovumilia kubanwa, ikibanwa sana na joto likawa jingi, inalipuka yenyewe kabla ya wakati wake, na hapo injini inagonga. Kiwanda kiliweka sensa ya kuisikiliza hali hiyo. Sensa ikisikia kugonga, kompyuta inachelewesha cheche za plagi, nguvu zinapungua lakini pistoni zinapona. Mtu anayebadilisha programu ili apate farasi wachache, mara nyingi anawahisha cheche. Kwa hewa ya Nairobi, iliyo nyepesi, injini inabeba mzigo mdogo na inavumilia. Teremka nayo hapa, silinda zinajaa hewa nzito zaidi, koni inaleta hewa ya moto, tangi lina petroli ya kawaida: masharti yote ya kugonga yamekutana. Programu iliyotengenezwa na kujaribiwa Nairobi haijajaribiwa kwa mzigo wa pwani. Huenda sensa inalinda na wewe hujui, kompyuta inachelewesha cheche kila saa, na unaendesha gari lenye nguvu pungufu kuliko lilivyotoka kiwandani. Ukiniuliza mimi, ningerudisha programu ya kiwandani, kama fundi aliihifadhi. Kama hakuihifadhi, hilo ni kosa la kazi na dai lako ni yeye airudishe.

Unaweza kulichunguza hili ukiwa Malindi bila daino. Nunua au azima kile kidude kidogo cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma kwenye simu. Mtu mwingine aendeshe, wewe usome. Angalia vitu vitatu: joto la hewa inayoingia, nyuzi za cheche (yaani cheche inawahi kiasi gani), na gramu za hewa kwa sekunde. Joto la hewa likiwa juu ya joto la nje kwa nyuzi 20 au zaidi gari likiwa mwendoni, koni inakula hewa ya moto. Nyuzi za cheche zikiporomoka ghafla kila unapokanyaga, injini inajilinda. Gramu za hewa zingekuambia kama kweli injini inavuta hewa zaidi ya ile ya binamu yako, lakini jihadhari: sensa hiyo imekadiriwa kwa umbo la bomba la kiwandani, na koni ikibadilisha bomba lile inasoma uongo. Kwanza rudisha boksi ndipo ulinganishe.

Ukitaka kujua ukweli wote kwa daino, inawezekana, na haidai ufundi wa ajabu. Iwe mashine moja, siku moja, mwendeshaji mmoja, gia moja, upepo wa tairi uleule, boneti imefungwa kama unavyoendesha. Mvuto usipungue mitatu kwa kila hali, na injini ipewe muda uleule wa kupoa katikati. Pima na vifaa vipya, ng'oa urudishe vya kiwandani pale pale gereji, upime, kisha uweke tena vipya upime mara ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo watu wanaiacha, nayo ndiyo inayoonyesha kama tofauti imeletwa na kifaa au imeletwa na mashine kupata joto. Waambie wachape karatasi zote kwa kizidisho kimoja, SAE, na waonyeshe namba ya kizidisho. Waombe pia mstari wa uwiano wa hewa na petroli. Daino isiyokuonyesha huo inakupa nguvu bila kukuonyesha gharama yake.

Ukizipata grafu, usikimbilie kilele. Injini yako inafika kilele kwenye mizunguko 6,400 kwa dakika, na wewe hapa Malindi siku nzima unaendesha kati ya 1,500 na 3,500. Kifaa kinaweza kukuongezea farasi 6 kule juu na kukupunguzia torki, yaani nguvu ya kuzungusha, huku chini unakotumia kila siku, na salensa pana na heda zina tabia hiyo hasa. Tazama mistari yote miwili ilivyokaa kuanzia 2,000. Na kuna jambo dogo la kukagua uaminifu wa karatasi: kama torki imeandikwa kwa pauni-futi na nguvu kwa farasi, kwenye kipimo kimoja cha grafu, mistari hiyo lazima ikatane kwenye mizunguko 5,252. Ikikatana pengine, au isikatane kabisa wakati mizunguko imepita hapo, kuna kitu kimechezewa au vipimo vya pembeni si vimoja.

Kuhusu heda na ahadi ya 30 nyingine: kwa injini hii sioni zitakakotoka. Heda nzuri inaweza kuleta kitu, asilimia chache kule juu, lakini kwa shilingi 120,000 kuna unachokihitaji zaidi. Injini ya 4GR-FSE inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa haziogi petroli kamwe, na masizi ya kaboni yanajikusanya juu yake. Ni tabia inayojulikana ya injini hii, na wenye Lexus IS250 wanaijua vizuri kwa sababu ndiyo hiyo hiyo. Gari lako linakaribia miaka ishirini. Kufungua njia ya hewa, kukagua na kusafisha vali hizo, kubadilisha plagi na kusafisha sensa ya hewa kwa dawa yake ni kazi ambayo inarudisha nguvu ulizopoteza pole pole bila kuhisi. Baada ya hapo breki, oili ya gia na tairi. Kama baada ya yote bado unataka gari lenye nguvu zaidi, mwanangu, uza hili utafute lenye injini kubwa zaidi, ile ya 3.0, kutoka kiwandani. Litakugharimu kidogo kuliko kulilazimisha hili, na litaishi. Chochote utakachobakiza kwenye gari, kiandike kwa kampuni yako ya bima, kwa sababu badiliko ambalo hukulitaja linaweza kuwapa sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali.

Kuna dalili ambazo usingoje jibu la mtu wa mbali. Ukipanda mlima au ukikanyaga kwa gia kubwa ukasikia mlio kama kokoto ndani ya debe, ondoa mguu, endesha polepole, jaza petroli ya daraja la juu na upeleke gari kwa fundi wa umeme wa magari mwenye kompyuta ya kusoma Toyota. Taa ya injini ikiwaka na kutulia una siku chache. Ikiwa inawaka na kuzimika, silinda moja haichomi na petroli mbichi inakwenda kuunguza katalisti, simama uvutwe. Mshale wa joto ukipanda kuliko ulivyozoea, au ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, usiendeshe hata kufika nyumbani. Fundi huyo umwambie mapema kwamba programu ilibadilishwa, maana mashine yake inaweza isimwonyeshe, na umpe karatasi zote mbili za daino pamoja na jina la gereji iliyofanya kazi ili aweze kuwapigia awaombe faili la kiwandani.